Kusamehe Si Kufuta Kesi



Kuna swali ambalo wachungaji huulizwa ibada ikishaisha, viti vikikunjwa, na huulizwa kwa sauti ya chini. "Pasta, nikishamsamehe, si inabidi niondoe kesi?" Wakati mwingine anayeongea si dada aliyepigwa. Ni mama mkwe wake, ama mzee wa kanisa, na hapo swali limegeuka kuwa agizo: "Pasta, ongea naye. Mkristo hapeleki ndugu yake kortini."

Wacha nilijibu kwa maandishi, ili kila mtu asome nyumbani pole pole. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa. Kesi ni ya Jamhuri. Kanisa halikupewa ruhusa, na Mungu wala na sheria, ya kuchukua msamaha wa dada na kuutumia kuzika kesi. Tukiendelea hivyo, Bunge linaweza kupitisha sheria kali kiasi chochote dhidi ya dhuluma za kijinsia, na zote zitaishia mlangoni petu.

Madeni mawili

Mnivumilie. Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na mambo mengi huyaona kama daftari. Mtu akikopa kwako shilingi 10,000, ni wewe peke yako unayeweza kulifuta deni hilo. Jirani yako hawezi. Pasta wako hawezi. Na kama mtu huyo ana deni lingine kwa Sacco, msamaha wako haupunguzi deni la Sacco hata kwa shilingi moja.

Mwanamume akimpiga mkewe mpaka akamvunja mkono, ana madeni mawili. La kwanza ni kwa huyo mwanamke. Kwa neema ya Mungu anaweza kulisamehe leo, ama mwakani, ama baada ya miaka 10, na hakuna wa kumharakisha. La pili ni kwa jamii nzima, kwa sababu anayevunja mkono wa mmoja ametishia amani ya wote. Ndiyo maana karatasi ya mashtaka haiandikwi jina la mke dhidi ya mume. Huandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Dada yetu pale kortini ni mlalamikaji na shahidi.

Sheria inalisema jambo hili waziwazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iliweka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi ya kushtaki ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Haikutaja baba ya msichana. Haikutaja chifu, wala mzee wa Nyumba Kumi, wala kamati ya wazee wa kanisa. Kwa hivyo mbuzi watatu na shilingi 20,000 zinapotolewa ili msichana aliyebakwa "aendelee na maisha yake," walioketi pale wanauza kitu ambacho si chao.

Je, upatanisho hauna nafasi? Unayo. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu korti kuhimiza watu wapatane katika kosa dogo la kushambuliana, ama kosa lingine la kibinafsi ambalo si zito. Katiba nayo, katika kifungu cha 159, inatambua upatanisho na njia za kimila, mradi zisivunje haki za kimsingi. Lakini angalieni vizuri: kwa kifungu kile cha 176, korti yenyewe ndiyo inayosimamia, na kuna hakimu ambaye hali kwa yule mume. Hiyo si sawa na kikao cha saa tatu usiku sebuleni kwa wakwe, ambapo dada ni mmoja na wao ni tisa.

Paulo na askari 470

Wanaotaka kesi iondolewe hukimbilia 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowakemea waumini kwa kushtakiana mbele ya wasioamini. Ni Neno la Mungu na silikwepi. Lakini tulisome lote. Ugomvi anaouzungumzia ni wa mambo ya maisha haya, watu kunyang'anyana haki na mali, na anamuuliza aliyeonewa kwa nini asiikubali hasara. Hasara ya mali mtu anaweza kuikubali. Sijaona mahali Paulo anamwambia mtu akubali kuuawa ili jina la kanisa lisichafuke.

Na hebu tuangalie alivyofanya yeye mwenyewe. Katika Matendo ya Mitume 23, watu zaidi ya 40 waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue. Mpwa wake akasikia, akamwambia. Paulo angeweza kusema, "Tuombe tu, tumwachie Bwana." Badala yake alimtuma kijana yule kwa jemadari wa Kirumi akatoe habari. Jemadari akaamuru askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wamtoe Yerusalemu usiku ule ule. Hesabu inakuja 470, kwa ajili ya mtu mmoja aliyetishiwa maisha. Baadaye, alipoona anaweza kurudishwa kwa wale wanaomwinda, alikata rufani kwa Kaisari. Na ni Paulo huyo huyo, katika Warumi 13, anayefundisha kwamba upanga wa mamlaka umewekwa na Mungu kwa ajili ya watenda maovu.

Kwa hivyo dada aliyetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba atauawa, akaenda stesheni kuandikisha, hajaikosea imani. Amefuata nyayo za mtume.

"Lakini hakuna shahidi"

Neno lingine tunalosikia kwenye vikao ni kwamba Maandiko yanataka mashahidi wawili ama watatu. Ni kweli, na kanuni hiyo ni nzuri, inamlinda mtu asiangamizwe na mdomo wa mmoja mwenye chuki. Lakini Torati ile ile, Kumbukumbu la Torati 22, inaleta habari ya msichana aliyechumbiwa ambaye ameshikwa kwa nguvu huko shambani, mbali na watu. Sura hiyo ina mambo magumu ambayo leo sitayagusa. Hili moja liko wazi: hapakuwa na shahidi hata mmoja, na Torati haikumwambia akanyamaze. Ilisema hana hatia. Ilichukulia kwamba alipiga kelele na hakuwepo wa kumwokoa. Ikalinganisha jambo hilo na mtu kumvamia mwenzake na kumuua. Ilijulikana tangu zamani kwamba ubakaji hautafuti mashahidi wawili kabla ya kufanyika.

Sheria ya Kenya imefika hapo hapo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu, katika kesi ya kosa la kingono, mshtakiwa atiwe hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi korti iridhike kwamba anasema ukweli na iandike sababu zake. Sheria ya 2006 nayo inaruhusu shahidi anayehitaji ulinzi, kama mtoto, atoe ushahidi akiwa nyuma ya kizuizi ama kupitia mtu wa kumsaidia, ili asitazamane na aliyemdhulumu. Kama korti imejifunza kuisikiliza sauti moja inayotetemeka, kanisa lina udhuru gani?

Mfalme aliyeishia kukasirika

Someni tena 2 Samweli 13. Tamari alibakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja. Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa ni ndugu yake. Daudi aliposikia alikasirika sana. Halafu? Hakuna halafu. Mfalme, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mwisho katika nchi, aliishia kwenye hasira. Tamari akabaki ukiwa nyumbani kwa Absalomu. Miaka miwili ikapita kimya, watu wakidhani mambo yametulia, kisha Amnoni akauawa kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo. Absalomu akakimbia, akarudi, na mwishowe akaleta vita juu ya baba yake. Jambo la nyumbani lilimalizwa nyumbani, na lilimalizwa kwa damu.

Kenya pia imekasirika. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Januari 2025 Rais aliunda jopo la watu 42 likiongozwa na Dkt. Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, kuangalia dhuluma za kijinsia na mauaji hayo. Hasira ni mwanzo mzuri. Hatari ni kuishia pale alipoishia Daudi.

Sheria inapopungua

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamepitia ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Tukichukua wastani huo, kwenye ushirika wa akina mama 30, kama 10 wanajua habari hii kwa miili yao. Hawako mbali. Wanaimba kwaya nasi.

Sheria tunazo. Ile ya 2006 iliweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 ama chini, na si chini ya miaka 10 kwa ubakaji. Lakini tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kukosa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Sheria ilikuwa na umri wa miaka saba, iko kitabuni, na watoto wale walilazimika kuishtaki polisi ndipo isomwe. Kwa hivyo kuimarisha sheria kunaanza na kumwajibisha aliyepewa kazi ya kuitekeleza.

Pili, kuna pengo ambalo baadhi yenu mtakunja uso nikilitaja. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo, kinachoeleza ni lini kitendo huwa kinyume cha sheria kwa sababu ya kulazimisha, kinawaweka kando watu waliooana kihalali. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, kwa upande wake, inaitaja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kama aina moja ya ukatili. Yaani kitendo ni kile kile, sheria moja inasema mke alindwe, nyingine inafumba jicho. Mimi naamini Bunge linapaswa kuliziba pengo hilo, na sisemi hivyo kinyume cha Maandiko. 1 Wakorintho 7 inampa mke mamlaka juu ya mwili wa mume kama inavyompa mume juu ya wa mke. Hakuna aliyepewa hati miliki ya upande mmoja, na cheti cha ndoa si leseni ya nguvu.

Tatu, sheria lazima ifike kabla ya jeneza. Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024. Iliripotiwa kwamba alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alifariki Eldoret siku nne baadaye. Mwanamume ambaye polisi walisema alimshambulia, aliyekuwa mpenzi wake, naye akafa kwa majeraha ya moto huo huo, kwa hivyo hakuna korti iliyopata mtu wa kumhukumu. Baba yake aliwaambia wanahabari kwamba familia ilikuwa imepeleka malalamiko kwa polisi kabla ya hapo. Tafakarini hilo. Hata tungeandika adhabu ya kutisha kuliko zote, hapa isingepata pa kuangukia.

Ndiyo sababu naipa uzito sheria ya 2015. Kwa sheria hiyo mwanamke, au mwanamume, anayetishiwa anaweza kuiomba korti amri ya ulinzi inayomkataza mhusika kumkaribia ama kumsumbua, na kuivunja ni kosa la jinai. Wengi wetu hatujui hata kwamba amri hiyo ipo. Na ina maana tu kama siku inapovunjwa, askari atatoka stesheni.

Hofu mbili za haki

Ndugu zangu wanaume huniambia, "Pasta, na akisingiziwa?" Ni hofu ya haki. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kanisa halipaswi kumtangaza mtu mkosaji kabla ya korti. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupeleka jambo kortini. Kamati ya wazee haina daktari, haina mpelelezi, haina wakili wa kumtetea mshtakiwa. Mtu asiye na hatia akimalizwa kwa kikao cha siri, minong'ono itamfuata mpaka kaburini. Kesi iliyosikizwa hadharani inaweza kumsafisha.

Hofu ya pili ni ya akina mama, na ndiyo nzito zaidi. "Akifungwa, nani atalipa kodi? Karo je?" Hapa hatuwezi kujibu kwa mistari ya Biblia peke yake. Tunachanga kwa ajili ya mazishi. Tunachanga kwa ajili ya harusi. Tunaweza kuchanga kwa ajili ya shahidi: kodi ya miezi mitatu, unga, na nauli ya kwenda kortini kila tarehe, kwa sababu kesi huahirishwa, na shahidi asiye na nauli hafiki. Kama hatuko tayari kulipa, basi tusimshangae anapoondoa kesi. Amepiga hesabu tuliyokataa kumsaidia kupiga.

Na aliyekosa je?

Ni ndugu yetu pia, na mlango wa toba uko wazi kwake. Lakini toba haiombi kufichwa. Zakayo aliposimama mbele ya Bwana hakuomba yaishe kimya kimya, alitaja kiasi atakachorudisha. Na yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu (Luka 23) alikiri kwamba adhabu yake inamstahili. Siku hiyo hiyo aliahidiwa paradiso, na hakushushwa msalabani. Msamaha ulikuwa kamili na hukumu ilibaki pale pale. Kwa hivyo ndugu akifungwa, tutamtembelea gerezani, tutaomba naye, tutawaangalia wazazi wake. Lile tusiloweza kumfanyia ni kumnyamazisha aliyemuumiza.

La kufanya

Ikitokea kwako, ama kwa mtu wako, nenda hospitali kwanza, ndani ya saa 72 na mapema kadiri iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina muda wake. Kama ni ubakaji, usioge kabla ya kupimwa, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ripoti stesheni, ulizia dawati la jinsia, usiondoke bila nambari ya OB, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Nambari ya simu 1195 ni ya bure, mchana na usiku.

Na ukiitwa kwenye kikao cha kumshawishi dada aondoe kesi, uliza swali moja tu: deni hili ni la nani? Kisha umsindikize kortini, ukae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.